Gunia la Gare

Msafiri atokaye Mombo huipanda njia iliyochongwa ubavuni mwa milima ya Usambara, akaipita Soni na maporomoko yake, na joto la bondeni akaliacha nyuma. Gare imo katika vilima vya karibu na mji wa Lushoto, ambao Wajerumani waliuita Wilhelmstal. Wasambaa wa hapo hulima viazi, kabichi na karoti hata kwenye miteremko ambayo sisi watu wa pwani twaogopa kuisimamia.

Tulipofika, gunia la viazi lilikuwa likijazwa. Lilipofika ukingoni halikushonwa. Kilitiwa kipande cha gunia jingine, viazi vikashindiliwa, kamba zikafungwa juu, hata gunia likawa kama mtu aliyevaa kilemba. Hiyo ndiyo lumbesa. Bei iliyolipwa ilikuwa ya gunia moja.

Tulimwuliza mnunuzi, naye akajibu kwa upole: "Maalim, nikinunua gunia la sawa, mwenzangu atanunua lumbesa, na Dar es Salaam atauza rahisi kuliko mimi. Wanangu watakula nini?"

Jawabu hili si la kudharauliwa. Mahali ambapo nauli na ushuru huhesabiwa kwa gunia wala si kwa kilo, mwenye gunia kubwa hupata faida mara mbili, na mwaminifu hubaki na hasara yake. Ndiyo sababu Serikali haikuliacha jambo hili kwa moyo wa mfanyabiashara peke yake: Sheria ya Vipimo inaikataza lumbesa, na Wakala wa Vipimo ndio wenye kazi ya kuisimamia.

Lakini je, mnunuzi yule amesamehewa? Sura ya 83 ya Qur'ani, Al-Mutaffifin, huanza kwa kuwaonya wapunjao: wapokeapo hutaka kipimo kamili, na watoapo hupunguza. Naye Nabii Shuaibu alitumwa kwa watu wa Madyani wote, kwa kuwa soko lao zima lilikuwa limeoza. Kwa hiyo "wenzangu hufanya hivi" ni udhuru wa zamani sana, nao haukuwafaa watu wale.

Wala mkulima tusimwache. Mzee mmoja alikuwa ameweka viazi vidogo chini na vikubwa juu. Tulipomtazama, alicheka, akasema: "Anidhulumuye juu, namlipa chini." Waliokuwapo wakacheka pamoja naye. Sisi tulimwuliza nani huko Dar es Salaam atakayevila vile vya chini, naye akaendelea kushona gunia lake.