Maneno ya Kubeba Uendapo Norwei

Mwezi wa Januari tulijaaliwa kumtembelea dada yetu katika mji wa Tromsø, kaskazini ya Norwei, nasi tumewarudishia maneno ya huko. Wengi wenu mna jamaa katika nchi za baridi, na huenda siku moja mkawafuata.

Mji huo uko kwenye latitudo 69 kaskazini ya Ikweta. Tangu mwishoni mwa Novemba hadi katikati ya Januari jua halichomozi kabisa, na tangu Mei hadi Julai halituwi. Kipindi cha kwanza huitwa mørketid, yaani wakati wa giza. Cha pili kina midnattssol, jua la usiku wa manane. Herufi hiyo ø hutamkwa kwa kusema “e” huku midomo ikiviringwa kama ya “o”. Jaribuni.

Sisi Waswahili huhesabu saa za mchana tangu macheo, na ndiyo maana saa moja yetu ni ya asubuhi. Sasa hesabu hiyo ianzie wapi pasipo na macheo? Wenyeji huhesabu tangu usiku wa manane, na zaidi ya hapo husema halv ni, “nusu tisa”. Mgeni hudhani ni tisa na nusu. Kumbe ni nusu ya kuiendea tisa, yaani nane na nusu yao, ambayo kwetu ni saa mbili na nusu asubuhi. Mpwa wetu mwenye miaka tisa, katika wiki yake ya kwanza shuleni, alichelewa saa nzima, akakuta darasa lake limekwishaondoka kwenda matembezini.

Na swala je? Masahaba walimuuliza Mtume (s.a.w.) kuhusu siku itakayokuwa ndefu kama mwaka, naye akawaelekeza wakadirie nyakati. Kwa msingi huo wapo wanazuoni wanaosema zifuatwe saa za mji wa karibu ambao usiku na mchana wake hupambanuka, na wapo wanaofuata saa za Makka. Dada yetu hufuata za Makka.

Chakula kina mambo mengi zaidi. Mtoto wa Norwei huenda shuleni na matpakke, vipande vya mkate vilivyofungwa nyumbani. Chochote kinachowekwa juu ya mkate huitwa pålegg (å ni kama “o” yetu), neno ambalo Kiswahili hakina: jibini, samaki, jemu, vyote ni pålegg. Kipendwacho sana na watoto ni leverpostei, maini ya kusaga, laini, yenye harufu nzuri. Mpwa wetu alilijua neno gris, nguruwe, kwa sababu alimwona kwenye kitabu cha picha. Hakujua kwamba nyama ya mnyama yuleyule mara nyingi huitwa svin. Basi alikula leverpostei kwa rafiki yake majuma mawili, hadi siku dada yetu alipoisoma ile kopo dukani: maini ya svin.

Mtoto hakulala usiku ule. Mama yake alimweleza kwamba asiyejua hana dhambi, tena yeye hajabaleghe, lakini alilia hata hivyo, kisha akaacha kabisa kula nje ya nyumba. Dada yetu alituambia, “Kaka, si nyama iliyoniuma. Ni kwamba mimi mama yake sikuwa na neno la kumpa.” Kwa hiyo lishikeni hili: Er det svin i denne? Maana yake, je, hii ina nyama ya nguruwe?

Mengine ni mepesi. Ukimaliza kula, mwambie aliyepika takk for maten, asante kwa chakula. Sukker ni sukari, na maneno yote mawili yamepitia katika Kiarabu. Ull ni sufu, ivaliwe karibu na mwili. Refleks ni kipande king'aacho kinachoning'inizwa kwenye koti ili dereva akuone gizani. Dugnad ni kazi ya kujitolea ya jirani wote, kama msaragambo. Neno hili sisi katibu wa kamati ya msikiti tulilionea wivu, kwani tukitangaza usafi huku kwetu hutokea watu walewale wanne.

Tarehe 21 Januari mji husherehekea kurudi kwa jua, na kila mtu hula solbolle, andazi la mviringo lenye jemu ndani. Tulikwenda na mpwa wetu dukani. Alisimama mbele ya kabati la kioo, akamuuliza muuzaji lile swali, kisha akaongeza jingine ambalo hatukulielewa: andazi limekaangwa kwa mafuta gani? Muuzaji akaenda nyuma, akarudi na dumu. Mtoto akasoma maandishi yote polepole, kidole kikifuata kila neno. Mafuta ya mimea.

“Mjomba, chukua mawili,” akasema.

Jua lenyewe siku hiyo lilifichwa na mawingu.