Ndege ya Kwanza

Katika Kirundi, ndege mwenye manyoya huitwa inyoni, na ndege ya abiria huitwa indege. Kiswahili kimewapa wawili hao jina moja, kisha kikauachia upatanisho wa kisarufi kazi ya kuwatofautisha: ndege ameruka, ndege imeruka. Mpwa wangu, mzaliwa wa Bujumbura aliyelelewa kwa Kirundi, alipoanza kujifunza Kiswahili alizoea kusema, "Ndege imetua mtini," kwa kuwa katika lugha ya mama yake hata ng'ombe hupatanishwa kwa i-. Nami, kwa desturi yetu walimu wa sarufi, sikuliacha kosa hilo lipite hata mara moja.

Alipotimiza miaka 13 nilimwahidi ndege ndogo inayoongozwa kwa redio. Ndugu yetu aishiye Dubai alikubali kuileta, akanitaka nichague mwenyewe. Nilichagua kwa macho: mfano wa ndege ya kivita, mabawa membamba chini ya kiwiliwili, pua iliyochongoka. Asubuhi moja tuliipeleka upande wa Kanyosha, kusini mwa mji, mbali na uwanja wa kimataifa wa ndege. Haikukaa hewani hata kwa muda wa kuhesabu hadi kumi. Ililala ubavu, ikajichoma ardhini, ikavunjika. Kijana hakulia. Alinirudishia kidhibiti, akasema, "Mjomba, mimi siwezi."

Neno hilo nimelisikia darasani mara nyingi, na kila mara nilidhani kasoro ni ya mwanafunzi. Siku ile nilijua kasoro ilikuwa ya mchaguzi.

Safari ya pili nilisoma kabla ya kuagiza. Ndege ya kujifunzia haina budi kuwa na mabawa mapana, yaliyowekwa juu ya kiwiliwili, yenye ncha zilizoinuka kidogo kama herufi V iliyotanuliwa. Ikiinama upande mmoja, huanza kuteleza kuelekea upande huo. Bawa lililoshuka hupata nguvu kubwa zaidi ya kuinuliwa na hewa, na ndege hujisawazisha. Mwili wake huwa wa povu jepesi, mithili ya lile linalofungiwa televisheni, ambalo likivunjika huungwa kwa gundi. Rafadha ikiwa nyuma ya bawa badala ya puani, husalimika pua inapogonga chini. Zaidi ya yote, ndege hiyo huenda polepole. Mwanafunzi anauhitaji mwendo huo, maana ndege inapomjia, kulia kwake huwa kushoto kwa anayeiongoza, naye hana budi kupata muda wa kufikiri.

Kwa sura haikuvutia. Mpwa wangu aliitazama kama mtu aliyepewa viatu vya mkubwa wake. Nilimfundisha kanuni moja tu: "Ipandishe juu kwanza. Ukipotewa, achia vijiti."

Tulirudi Kanyosha mapema, kabla upepo wa ziwani haujaamka. Niliirusha kwa mkono. Ilipanda, ikayumba, ikainama kushoto, na nikamwona kijana akikaza vidole. Nilitamani kumnyang'anya kidhibiti. Badala yake nikasema taratibu, "Achia." Akaachia. Ndege ilijinyoosha, ikaendelea na safari yake kana kwamba hapakuwa na tatizo lolote.

"Mjomba!" akapaza sauti. "Ndege amepaa!"

Sahihisho lilikuwa tayari ulimini mwangu. Kisha nikatambua kwamba kosa lile nililipanda mimi mwenyewe: nilikuwa nimemkemea sana kwa i- ya ndege wa mtini, hata sasa akaogopa kuitumia mahali pake halali. Nikalimeza sahihisho, nikatazama juu.

Betri ilipokaribia kwisha aliitua majanini, bawa moja likichubuka kidogo. Tuliketi kivulini tukilipaka gundi. Alikuwa kimya kwa muda mrefu, midomo ikichezacheza kama ya mtu anayehesabu.

"Mjomba," akasema hatimaye, "nilipaswa kusema imepaa, sivyo? Yule anayepaa ni wa mtini."

Nikamjibu kwamba ndivyo. Sikuongeza neno.