Hakuna Mtandao, Bei za Juzi

Sericho, katika Kaunti ya Isiolo, hakuna programu ya bure. Hata duka la programu likiandika kwamba hailipiwi, megabaiti za kuipakua zinatoka kwenye bando, na bando limenunuliwa kwa pesa ya mbuzi. Ndiyo maana watu wa kwetu huzichunguza picha za skrini kabla ya kubonyeza chochote. Mtu huzipitia picha zilizopangwa chini ya jina la programu, huzirudia, humpa simu aliyeketi naye azione, kisha ndipo huamua kama megabaiti zake ziende au zibaki. Mimi ni mzaliwa wa huko, na kazi yangu Nairobi kwa miaka mingi imekuwa kutengeneza picha hizo. Nilianza wakati duka likitaka picha mbili tu.

Apple ilifungua duka lake Julai 2008, Google ikafuata Oktoba mwaka huohuo na duka lililoitwa Android Market, na Nokia ikafungua duka la Ovi Mei 2009. Kwetu hizo zilikuwa habari za mbali. Simu zilizokuwa mikononi mwa wachungaji ni mulika mwizi: za kupiga, kutuma M-Pesa na kumulika zizi usiku fisi wakilia. Mambo yaligeuka 2011, Safaricom ilipokuwa ikiuza simu ya Huawei IDEOS kwa shilingi elfu nane hivi. Skrini yake ilikuwa ya inchi 2.8, pikseli 240 kwa 320, na vijana waliokuwa wakisoma mijini walirudi nayo nyumbani likizo ilipofika.

Programu ya kwanza niliyoitengenezea picha ilikuwa ya bei za mifugo. Unachagua soko, unachagua mnyama, unaona bei. Android Market ilitaka picha mbili, na kipimo kidogo kabisa ilichokubali kilikuwa 320 kwa 480. Skrini ya IDEOS haikufika hapo. Simu ambayo watu wangeitumia haikuweza kutoa picha ya kuwaonyesha watu hao. Isitoshe, kabla ya Android 4.0 kutoka mwishoni mwa 2011 simu nyingi za Android hazikuwa na vitufe vya kubonyeza ili kunasa skrini. Ilibidi simu iunganishwe na kompyuta kwa waya. Sote tulichukua njia iliyo rahisi, tukafungua simu ya bandia ndani ya kompyuta na kupiga picha huko. Katika simu ya bandia betri haiishi na mtandao haukatiki. Picha zilitoka safi sana, na mtu wa Sericho hakuwa na simu ya namna hiyo.

Kisha vipimo vikaanza kuzaana. Duka la Apple lilitaka picha za 640 kwa 960. Ikaja iPhone 5 mwaka 2012, zikaongezeka za 640 kwa 1136. Mwaka 2014 zikaja iPhone 6 na 6 Plus, kila moja na kipimo chake, na iPad ilikuwa pembeni ikisubiri zake. Kila kipimo kilichukua picha hadi tano. Upande wa Google, duka lilikwisha kuitwa Google Play tangu Machi 2012, na lilipokea hadi picha nane za simu, nyingine za tableti ya inchi saba, nyingine za inchi kumi, pamoja na bango la 1024 kwa 500. Kulikuwa bado na BlackBerry na Windows. Ukibadilisha neno moja kwenye skrini, unarudi kuzipiga zote upya. Mwaka 2014 ndipo zilipopatikana zana kama fastlane za kuzipiga zenyewe, na aliyezipata wakati ule anajua usingizi zilioturudishia.

Katika hekaheka hizo nilikuwa nikipanga bei ya beberu wa soko la Modogashe kwenye skrini ya iPad, na sikumjua mtu yeyote Sericho mwenye iPad. Nilijiuliza mara nyingi kazi ile ilikuwa ya nani. Kwa sehemu kubwa ilikuwa ya waliotoa pesa za mradi, ambao walitaka kuiona programu katika kila duka. Baadaye nilijua pia kwamba iPhone zilikuwa na mwenyewe: mfanyabiashara wa Eastleigh mwenye mifugo kwetu, anayeifungua programu akiwa Nairobi kisha anampigia ndugu yake aliye Sericho kumwambia auze au angoje. Tangu hapo nimezitengeneza seti za iPhone kwa moyo uleule wa seti za Android.

Kilichonikera zaidi ni jinsi picha ya skrini ilivyogeuka bango. Wengi husema ni tamaa ya matangazo. Nami naona tamaa ipo, lakini umbo la simu lilichangia. Kuanzia 2017, iPhone X ilipotoka, skrini zilirefuka, na simu za bei nafuu zikafuata. Tecno, Infinix na itel zilizojaa Isiolo zikawa na skrini za pikseli 720 kwa 1600. Kanuni ya Google Play ilisema upande mrefu wa picha usizidi upande mfupi mara mbili. Piga hesabu: 720 mara mbili ni 1440. Picha iliyonaswa kwenye simu ya kwetu haikuingia jinsi ilivyo, kama ile ya IDEOS. Basi unaiweka juu ya mandhari ya rangi, unaichorea fremu ya simu, na ukishafanya hivyo nafasi inabaki juu. Nafasi ikibaki, mtu wa mauzo analeta maneno. Maneno yakikua, skrini inapungua, mpaka programu yenyewe haionekani tena. Google inashauri maneno hayo yasizidi asilimia 20 ya picha, na Apple inataka picha zionyeshe programu ikitumika, si ukurasa wa kuingilia wala jina lake likiwa limepambwa. Nakubaliana nazo kabisa. Mwenye bando la shilingi ishirini ana haki ya kuona anachokwenda kukipata.

Na anaona kuliko tunavyodhani. Mwenzangu mmoja wa ofisini aliwahi kuweka kwenye picha ya kwanza ng'ombe wa madoa meusi na meupe, wa maziwa, asiye na nundu. Ng'ombe mzuri, lakini wa Nyandarua. Ng'ombe wa Borana ana nundu, ana ngozi iliyolegea shingoni, na mara nyingi ni mweupe au wa kijivujivu. Mchungaji akiona yule wa madoa hahitaji kusoma neno. Ameshajua kwamba programu si yake. Nilimtoa, nikaweka picha iliyopigwa kando ya Ewaso Nyiro, karibu na pale mto unapoanza kupotelea katika kinamasi cha Lorian. Jina la Sericho duniani limeshikwa na kimondo kilichotambuliwa 2016, baada ya ndugu wawili waliokuwa wakitafuta ngamia kukuta mawe mazito ajabu. Vipande vyake vilivyokatwa vinang'aa kama kioo cha rangi, na wakusanyaji wa nchi za mbali wanavinunua. Siku zote nimetaka na ng'ombe wetu aonekane mahali fulani.

Hata saa iliyo juu ya skrini ina habari. Picha za matangazo ya Apple huonyesha 9:41, na wabunifu wengi wameiga. Kwetu hiyo ni saa tatu na dakika arobaini na moja, mifugo imeshakwenda malishoni na soko limechangamka. Hiyo niliiacha, kwa sababu ni saa ambayo mtu kweli anatafuta bei.

Ukame wa kuanzia mwishoni mwa 2020 hadi mwanzoni mwa 2023, misimu mitano ya mvua ikipita bila mvua ya kutosha, ndio uliobadilisha kabisa ninavyozipanga picha. Mifugo ilikuwa imehamishwa mbali, mnyama alikonda kati ya nyumbani na soko, na bei ya Jumatatu haikuwa na maana tena Alhamisi. Watu hawakuuliza bei tu. Waliuliza ni bei ya lini. Programu ilikuwa na skrini iliyojibu swali hilo. Ukikosa mtandao, juu hutokea ukanda wa rangi ya chungwa: "Hakuna mtandao. Bei hizi ni za juzi." Chini yake bei zipo, zimehifadhiwa ndani ya simu, na kila moja ina tarehe yake. Nikapendekeza skrini hiyo iwekwe dukani. Ofisini hawakutaka. Walisema tunatangaza udhaifu.

Nikaenda nyumbani na seti mbili ndani ya simu, moja ikiwa na skrini hiyo, nyingine bila. Mjomba alizitazama akiwa ameketi kwenye kivuli, simu ameiweka mbali kidogo na macho.

"Mjomba, wewe ungechukua ipi?"

"Hii yenye rangi ya chungwa, mwanangu. Hii nyingine ni ya mtu anayekaa chini ya mnara."

Akaongeza kwamba anayekupa bei bila kukwambia aliisikia lini ni dalali. Niliyarudisha maneno yake Nairobi kama alivyoyasema, na ubishi ukaisha.

Wengi wa Sericho hawakuipata programu dukani hata hivyo. Ilipita simu kwa simu kwa programu ya Xender, bila bando, mara nyingi pale kwenye kibanda cha kuchajia simu kwa sola. Lakini picha zilitangulia. Mtu alinasa ukurasa wa duka akautuma kwenye kundi la WhatsApp la ukoo, na ule ukanda wa rangi ya chungwa ndio waliouzungushia duara.

Siku hizi kazi imepungua. Tangu 2016 Apple huweza kuipunguza seti ya skrini kubwa itoshe simu ndogo, na kufikia 2024 seti moja ya iPhone na moja ya iPad zinatosha. Muda niliokuwa nikiutumia kukata vipimo nautumia kwenye lugha. Google Play ina nafasi ya Kiswahili, nami huijaza yote: jina, maelezo, picha. Katika duka la Apple sijapata nafasi hiyo kwa miaka yote ambayo nimelihudumia. Maelezo yetu yamekaa kwenye sehemu ya Kiingereza cha Uingereza. Picha, hata hivyo, hupokewa hata zikiwa na maneno ya lugha nyingine ndani yake. Kwa hiyo ukurasa wetu una aya za Kiingereza, na juu yake picha nne za Kiswahili: ya kwanza ina ukanda wa rangi ya chungwa, ya pili ina soko la Modogashe, ya tatu bei za ngamia, na ya nne ng'ombe mwenye nundu. Ya tano naitengeneza sasa kwa Kiborana, na nimewapelekea kina mama wanaouza maziwa Sericho maneno yake wayasome kabla sijaipandisha.