Kutoka Ombi Hadi Swali

Juu ya uwanda wa Makonde, huku kwetu Newala na Tandahimba, mtoto huijua thamani ya maji kabla hajajua kusoma. Hakuna mto unaopita juu. Watu hukinga mvua katika visima vya nyumbani, na kiangazi kikikolea akina mama hushuka mabondeni wakapanda tena na ndoo kichwani. Ndiyo maana miaka ya themanini, nilipokuwa kijana, maji yakitajwa katika taarifa za Bunge za Redio Tanzania, wazee waliwanyamazisha watoto.

Waliyoyasikia yalikuwa yaleyale. Mbunge anaomba. Waziri anaeleza kuwa Serikali inalitambua tatizo na italishughulikia hali ya fedha itakaporuhusu. Mbunge anashukuru, anakaa. Wazee hawakumlaumu. Walikumbuka mwaka 1968, wabunge kadhaa, Joseph Kasella Bantu akiwa mmojawao, walipovuliwa uanachama wa TANU, chama tawala cha wakati ule, na kwa hiyo kupoteza viti vyao. Katika mfumo wa chama kimoja mtu aliuliza huku akiipima sauti yake. Mjomba wangu aliwahi kuniambia, "Mbunge tumemtuma kuomba. Akirudi na ahadi, amefika."

Katiba inasema vingine. Ibara ya 63 inaliruhusu Bunge kumuuliza waziri yeyote swali lolote kuhusu mambo ya umma yaliyo katika wajibu wake. Hiyo ni haki, na tuliishi nayo muda mrefu kana kwamba ni hisani. Hata baada ya vyama vingi kurudi mwaka 1992 na uchaguzi wa 1995 kupita, redio ya nyumbani iliendelea kutuletea maombi.

Mabadiliko niliyoyaona kwa karibu yalianza baada ya uchaguzi wa 2005. Jimbo moja la kusini lilipata mbunge mgeni kabisa katika siasa, naye akaniomba, mimi mwalimu wa sekondari, nimsaidie kuandaa maswali. Swali lake la kwanza lilijaa ukurasa mzima: historia ya kijiji, machungu ya akina mama, tuhuma kwa mkandarasi. Likarudishwa. Kwa kanuni za Bunge, swali si hotuba, wala halibebi hoja au tuhuma. Likapunguzwa mpaka likabaki mistari miwili: je, ni lini Serikali itawapatia wananchi wa eneo lile maji safi na salama?

Siku ya jibu ilifika. Saa tatu asubuhi, baada ya dua na hati za kuwasilisha mezani, zikaanza shughuli za maswali. Mbunge alisimama akaomba swali lake lijibiwe. Naibu Waziri, kwa niaba ya Waziri, akajibu kwamba upembuzi yakinifu unaendelea na kazi itaanza kadiri ya upatikanaji wa fedha. Yakaja maswali mawili ya nyongeza, yakajibiwa kwa namna hiyohiyo. Kijijini watu walishangilia: "Umetusemea, Mheshimiwa!" Yeye hakufurahi. Aliniambia, "Mwalimu, nimeuliza lini, nimepewa kesho isiyo na tarehe."

Tukabadili namna ya kuuliza. Kwa kisima kirefu kimoja tu, tuliuliza, tukiomba jibu kwa maandishi: katika mwaka wa fedha uliopita kiliidhinishiwa shilingi ngapi, mpaka mwisho wa mwaka huo zilikuwa zimetolewa ngapi, na zilinunua nini? Lilikuwa swali kavu, lisilo na mtu wa kulipigia makofi. Lakini halijibiki kwa maneno ya kadiri na pindi. Jibu lilikuja na tarakimu, na fedha zilizotolewa zilikuwa pungufu sana ya zilizoidhinishwa. Hakuna aliyetukanwa. Katika kikao kilichofuata cha baraza la madiwani, diwani mmoja alisimama na nakala ya ukurasa wenye jibu lile katika Taarifa Rasmi za Bunge, akaomba apewe maelezo ya tofauti ile. Ukumbi ulibadilika. Watendaji waliozoea kujibu malalamiko walikuwa sasa wanajibu maandishi ya Serikali yenyewe.

Hapo ndipo nilipoyapenda maswali yanayojibiwa kwa maandishi. Hayasikiki redioni, na mbunge mwenye njaa ya kusikika huyaona kama adhabu. Ila jibu la mdomo hupita haraka, wakati la maandishi linaweza kuja na jedwali: kijiji kwa kijiji, mwaka kwa mwaka. Kwa mbunge mgeni, asiye na cheo wala kundi, sijaona silaha iliyo bora zaidi.

Zama zile Bunge lenyewe lilikuwa likichangamka. Chini ya Spika Samuel Sitta, Alhamisi ikawa siku ya kumuuliza Waziri Mkuu papo kwa papo. Zitto Kabwe, naye mbunge katika muhula wake wa kwanza, aliuhoji mkataba wa mgodi wa Buzwagi mwaka 2007, akasimamishwa kuhudhuria vikao, na nchi nzima ikajifunza kutamka jina la mgodi ule. Watu walikusanyika vibandani kutazama Bunge kama wanavyotazama mpira. Januari 2016 Serikali ilipotangaza kwamba televisheni ya taifa, TBC, haitarusha tena vikao vyote moja kwa moja, kwa sababu ya gharama, nilihuzunika, na bado naamini ulikuwa uamuzi mbaya. Mwananchi aliyemtuma mtu ana haki ya kumwona akifanya kazi aliyotumwa.

Kisha simu zikaingia kila mahali. Leo wabunge wana vishikwambi, Taarifa Rasmi zipo mtandaoni, na tovuti ya Bunge imekuwa ikionyesha kila mbunge ameuliza maswali mangapi ya msingi na ya nyongeza. Nashukuru kwa hilo, lakini hesabu hiyo inanitia wasiwasi. Wapo wanaoongeza idadi kwa kuuliza ni lini barabara ya kila kata itajengwa kwa lami, wakijua jibu kabla ya kuketi. Ipo pia video ya sekunde chache ya mbunge akifoka, inayozunguka WhatsApp bila jibu lililofuata. Ukimpima mbunge, soma majibu aliyoyapata, uone kama alirudi kwa lile lisilotosheleza.

Mtu anayenipa moyo ni mama mmoja, mweka hazina wa jumuiya ya watumia maji huku kwetu. Hajawahi kufika bungeni Dodoma. Amehifadhi katika simu majibu mawili ya Serikali kuhusu mradi mmoja, yaliyotolewa katika miaka tofauti, na katika lile la karibuni asilimia ya utekelezaji ni ndogo kuliko katika lile la awali. Aliyapeleka yote mawili kwa mbunge wa sasa, naye mgeni bungeni, akamwandikia: "Mheshimiwa, usituombee maji. Waulize kazi iliyokwisha kufanyika imerudi nyuma vipi." Mbunge alinipigia simu tuliandike swali. Tumeomba lijibiwe kwa maandishi, na jedwali la malipo ya mkandarasi liambatanishwe.