Motokaa ya Marehemu Baba

Marehemu baba aliniachia motokaa aina ya Peugeot 404, jinsi ile ile iliyoshinda mashindano ya Safari ya Afrika Mashariki mwaka 1963, kisha 1966, 1967 na 1968. Umri wake wanipita, lakini kila alfajiri huko Wundanyi, ukungu ukiwa bado umelala vilimani, huwaka mara moja tu.

Mwaka mmoja ilipatwa na ugonjwa wa ajabu. Kushuka milimani ilikwenda vyema. Tukifika nyika ya Voi jua likiwa utosini, injini ilianza kukohoa, ikapoteza nguvu, ikazima. Nikiiacha ipoe nusu saa, iliwaka tena kana kwamba haikuwa na neno.

Juma moja kabla ya hapo, kijana mmoja niliyemfundisha zamani alikuwa ameisafisha kabureta. Basi, bila kufikiri, nalikwenda gereji, nikamwambia mbele ya watu kwamba ameharibu mali ya baba yangu. Aliinamisha kichwa, asijibu. Jioni ile bwana wake alimwambia asirudi kazini.

Mjomba wangu, aliyekuwa dereva wa lori kwa miaka mingi, aliposikia habari hizo aliniuliza, "Umepima, au umedhani?" Nalikosa jibu, na mimi ni mwalimu wa sayansi!

Siku ya pili tulishuka pamoja hadi nyikani, tukangoja maradhi yaje. Mjomba akasema, "Injini hutaka hewa, petroli na moto wa plagi. Tutafute kinachokosekana sasa hivi. Mgonjwa aliyepona haonyeshi homa."

Joto likizidi, petroli huweza kugeuka mvuke ndani ya bomba, pampu ikashindwa kuisukuma. Kwa hiyo alianza kwa kufunga kitambaa chenye maji juu ya pampu na bomba. Tulijaribu, injini haikuwaka. Kisha alichomoa waya wa plagi moja, akautia plagi nyingine, akailaza juu ya chuma cha injini, nami nikazungusha ufunguo. Cheche ilikuwa dhaifu, rangi ya manjano. Akahamisha kitambaa akakiweka juu ya koili. Baada ya kitambo cheche ikawa ya buluu yenye nguvu, na injini ikawaka.

Nalishangilia, lakini mjomba alinizuia. "Huenda imepoa yenyewe," akasema. Akafunga koili nyingine, asiguse kitu kingine chochote, tukaenda mpaka Maungu na kurudi katika joto la mchana: kikohozi hakikusikika. Akairudisha ile ya zamani, na maili chache baadaye tulikuwa kando ya barabara tena. Hapo shaka iliondoka.

Ndani ya koili mna uzi mwembamba wa shaba uliozungushwa mara maelfu, na kila mzunguko umetengwa na mwenziwe kwa ngozi isiyopitisha umeme. Ngozi hiyo ikichakaa, joto huitanua shaba, na umeme hupata njia ya mkato; ikipoa, hurudi njia yake. Kabureta haikuwa na kosa, wala kijana.

Nalikwenda gereji saa ile ile ambayo watu huwa wengi, nikamweleza bwana wake yote kwa sauti ya kusikika, kisha nikamfuata kijana nyumbani kwao nikamtaka radhi. Alinipa mkono, akasema, "Yamekwisha, Mwalimu." Alirudishwa kazini, na hata leo ndiye anayeitunza motokaa yangu.

Lakini zamani alikuwa akiniita "Mwalimu wangu." Tangu siku ile husema "Mwalimu" tu. Koili nalinunua nyingine dukani. Neno hilo moja lililopotea, enyi vijana, sijui litauzwa duka gani.