Kamba ya Mama

Shuleni mimi nilikuwa mtu wa insha. Mwalimu wa hesabu akiingia, tumbo linanikata. Zile hesabu za mafumbo ndiyo usiseme: mkulima ana waya wa mita 80, azungushie shamba la mstatili la vipimo gani ili apate eneo kubwa kuliko yote? Mie nawaza, huyu mkulima anaitwa nani, na mbona hana jirani wa kumuuliza? Swali nikaliruka. Kwenye mtihani wa kidato cha nne nalo likaja, nikaliruka tena. Matokeo mnayajua wenyewe.

Mwaka 2011 fumbo lile likanifuata nyumbani.

Mama anauza vitumbua. Alicheza upatu miaka sita mpaka akapata kiwanja huko Chanika, hatua 20 kwa 20, shilingi 3,200,000. Dalali alikuwa rafiki wa marehemu baba. Mimi namwita baba mdogo. Siku ya kulipa akatugeuzia maneno. Kile kimeshachukuliwa, ila kipo kingine cha jirani, 28 kwa 12.

"Bei ileile, shemeji. Zunguka mwenyewe. Kile cha kwanza, ishirini mara nne, themanini. Hiki nacho, ishirini na nane, kumi na mbili, ishirini na nane, kumi na mbili. Themanini! Umepunjwa nini hapo?"

Mama akahesabu kwa vidole. Themanini kweli. Mkono ukaenda kwenye fundo la kanga.

Kijana kumpinga baba mdogo mbele za watu si adabu. Nikasema tu, "Mama, tukalale kwanza, tutarudi kesho." Baba mdogo alinikata jicho hilo!

Usiku nikachukua kipande cha kamba ya kuanikia nguo na vizibo vya soda. Nikapanga vizibo sakafuni, vinne kwa vinne, nikavizungushia kamba, ncha nikazifunga. Ndani vimo 16. Kamba ile ile nikaivuta iwe ndefu, sita kwa viwili: vikaenea 12. Nikaivuta tena, saba kwa kimoja: saba tu.

"Na ukiivuta mpaka mwisho?" akauliza mama.

"Kamba inagusana, mama. Hakiingii hata kizibo."

Akanyamaza. Halafu akasema, "Kumbe shemeji anataka kuniuzia kamba."

Nikatafuta kalamu. Kiwanja cha kwanza, 20 mara 20, ni hatua za mraba 400. Cha pili, 28 mara 12, ni 336. Bei ya haki nikaiita x. Basi x ukigawa kwa 336 lazima iwe sawa na 3,200,000 ukigawa kwa 400, yaani shilingi 8,000 kwa kila hatua ya mraba. Kwa hiyo x ni 2,688,000. Tofauti ni 512,000. Kitumbua wakati ule kilikuwa shilingi mia. Piga mwenyewe: vitumbua 5,120, na hapo hujatoa mchele, mafuta wala kuamka saa kumi alfajiri.

Kesho yake nilijua mimi ndiye nitakayesema. Wapi! Mama alifika uani kwa mjumbe, akatandika kanga, akatoa kamba, akapanga vizibo vyake kimoja kimoja. Wala hakumtukana mtu. Alimwomba tu shemeji yake avihesabu kwa sauti. Alipofika kumi na mbili, sauti ilikuwa imeshuka. Waliafikiana 2,700,000, mjumbe akaandika.

Jibu la mtihani ni 20 kwa 20, mraba. Nimelipata nimechelewa, na sikulipata kwa ajili ya yule mkulima asiye na jina.

Tulipokuwa tunaondoka baba mdogo akauliza, "Shemeji, nani kakufundisha mambo haya?"

"Si huyu mwanao," mama akajibu. "Hesabu anaziweza sana."

Nikatazama chini. Cheti changu anakitunza yeye, sandukuni.