Cuzo, Hama Tu

Cuzo wangu alipata ukaazi wa kudumu Kanada kwa kupendekezwa na mkoa wa Saskatchewan. Kazi imeisha, amepata nyingine Toronto, na huku nyumbani wazee wanamwambia akihama atarudishwa. Zii. Katiba yao ya 1982, kifungu cha 6, inampa mkaazi wa kudumu haki ya kuishi na kufanya kazi mkoa wowote.

Ila ukiomba, lazima uwe na nia ya kweli ya kukaa mkoa uliokupendekeza. Ukidanganya, unaweza kupoteza ukaazi na kufungiwa miaka 5.

Yeye alienda, akachapa kazi, ikaisha, akatafuta ingine akakosa. Huo si utoro. Lakini wewe unayepanga kutua leo na kuhepa kesho, unawaharibia madogo wanaofuata. Cuzo, hama. Weka tu barua zako za kazi.